Jina Hubaki Kituoni, Nambari Ndiyo Husafiri

Haya ni maneno ya afisa wa idara ya afya aliyezungumza na wananchi katika baraza la Mbooni kuhusu jinsi maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yanavyofuatiliwa. Tumeyachapisha kwa sababu maswali aliyoyajibu huulizwa katika kila wadi ya kaunti yetu.

   Najua wengine mmetoka mbali, mmeteremka milima ya Kithungo na Tulimani, na wengine mmepanda kutoka Kalawa kwenye jua. Sitawachosha.

Nimeombwa nieleze jambo moja. Serikali inajuaje ni watu wangapi wameambukizwa virusi vya Ukimwi mwaka huu? Hilo ndilo swali linaloulizwa kwa kipaza sauti. Lakini mkutano ukiisha, watu hunifuata pembeni wakauliza lingine kwa sauti ya chini: "Daktari, nikipimwa pale Kikima au Tawa, jina langu linaenda wapi?" Leo nitajibu yote mawili hadharani. Nayaweka pamoja kwa sababu moja tu: mtu asiyejua jina lake linaenda wapi hatakuja kupimwa, na asipokuja, hesabu yote ninayoifanya ofisini ni bure.

Hesabu tatu ambazo watu huzichanganya

Mkisikia redioni kwamba Ukimwi umepungua au umeongezeka, ulizeni kwanza ni hesabu gani inayotajwa. Ziko tatu.

Ya kwanza ni ya watu wanaoishi na virusi. Ya pili ni ya watu waliopimwa mwaka huu wakajulikana wana virusi. Ya tatu ni ya watu walioambukizwa mwaka huu hasa. Hii ya tatu ndiyo tunayoiita maambukizi mapya, na ndiyo ngumu kuipata.

Kila boma hapa linajua tangi la maji. Ukichungulia tangi ukaona limejaa nusu, huwezi kusema mvua ilinyesha jana. Huenda maji ni ya msimu uliopita, na mfereji wa kuyatoa umefungwa. Watu wanaoishi na virusi ni kama maji yaliyo ndani ya tangi. Wanaoambukizwa upya ni maji yanayoingia. Wanaofariki ni maji yanayotoka. Kabla dawa hazijapatikana kwa wingi, watu wetu walifariki haraka. Sisi sote tuna makaburi ya miaka ile. Leo mtu anayemeza dawa zake za ARV kila siku anaishi, analima, analea watoto, anazeeka. Kwa hivyo idadi ya wanaoishi na virusi yaweza kubaki kubwa na hiyo ikawa habari njema. Pia yaweza kubaki vile vile huku vijana wengi wakiingia kila mwaka, na hiyo ni habari mbaya. Tangi peke yake halitakwambia.

Nchi yetu imepima tangi hilo mara kadhaa kwa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Mwaka 2007, watu wazima wa miaka 15 hadi 64 wenye virusi walikuwa asilimia 7.1. Mwaka 2012 walikuwa asilimia 5.6. Uchunguzi wa 2018, ulioitwa KENPHIA, ulipata asilimia 4.9, kwa wanawake ilikuwa 6.6 na kwa wanaume 3.1. Mwelekeo ni mzuri, lakini bado hatujasema lolote juu ya maji yanayoingia.

Hesabu ya pili nayo ina mtego wake. Tuseme mama amepimwa Machi katika kituo cha Kalawa akapatikana na virusi. Rejista itaandika kwamba ni mtu mpya. Lakini huenda aliambukizwa miaka minane iliyopita, alipokuwa akifanya kazi Mombasa au Nairobi. Kwetu ni mpya, kwa mwili wake si mpya. Tukimhesabu kama maambukizi ya mwaka huu ya Kalawa, tumekosea mwaka na tumekosea mahali.

Tena hesabu hii ya pili hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusu ugonjwa. Vipimo vikikosekana kwa miezi miwili, wanaogunduliwa hupungua, na mtu asiyeelewa atapiga makofi akisema tumeshinda. Kukiwa na kampeni ya kupima sokoni, wanaogunduliwa huongezeka, na mtu huyo huyo atasema tumevamiwa. Ndiyo sababu nawaomba, mtu akiwaletea nambari ya waliogunduliwa, muulizeni: waliopimwa walikuwa wangapi? Watu 10 kati ya 200 na watu 10 kati ya 2,000 si jambo moja.

Maambukizi mapya hupimwaje?

Njia ya kwanza ni ya zamani. Kenya iligundua mgonjwa wake wa kwanza wa Ukimwi mwaka 1984. Tangu 1990, serikali ilianza kufuatilia virusi kwa kutumia damu ya akina mama wajawazito katika kliniki maalum zilizochaguliwa. Kwa nini wajawazito? Kwa sababu huja kliniki wakiwa wazima, na damu yao huchukuliwa kwa sababu nyingine hata hivyo. Msichana wa miaka 17 aliye na mimba ya kwanza hajaanza kujamiiana zamani. Akipatikana na virusi, kuna uwezekano mkubwa kwamba maambukizi ni ya karibuni. Kwa hivyo tukitazama wasichana wadogo, tunaanza kuyaona maji yanayoingia.

Njia ya pili ni kufuata watu wale wale mwaka baada ya mwaka. Jirani zetu wa Uganda wamefanya hivyo wilayani Rakai kwa miaka mingi. Watafiti hurudi katika jamii zile zile, huwapima tena wale ambao hawakuwa na virusi, na kuhesabu ni wangapi wamegeuka. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 kutoka jamii 30 za huko yalionyesha kwamba maambukizi mapya yalishuka kwa asilimia 42 kufikia 2016, baada ya dawa za ARV na tohara ya wanaume kuenea. Hiyo ni kazi ya thamani, lakini ni ya gharama, na haiwezi kufanywa katika kila kaunti.

Njia ya tatu ni kuiuliza damu yenyewe. Mtu akiambukizwa, mwili hutengeneza kingamwili. Mwanzoni kingamwili hizo huvishika virusi kwa ulegevu, kama mtoto anayejifunza kushika jembe. Miezi ikipita, hushika kwa nguvu. Kuna kipimo kinachopima nguvu ya mshiko huo, kikasema kama maambukizi ni ya miezi ya karibuni au ni ya zamani. Uchunguzi wa KENPHIA ulitumia njia hii, ukaongeza kipimo cha wingi wa virusi na kipimo cha kuona kama kuna dawa kwenye damu, kwa sababu mtu anayemeza ARV vizuri anaweza kuonekana kama ameambukizwa juzi. Baada ya kuyaweka yote pamoja, ulikadiria kwamba watu wazima kama 36,000 walikuwa wakiambukizwa kila mwaka nchini.

Hapa nisikizeni vizuri. Kipimo hiki husema kweli juu ya kundi kubwa la watu. Juu ya mtu mmoja, hukosea mara nyingi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, lilishauri kwamba jibu la kipimo hiki lisiwe la kurudishiwa mtu kama kawaida. Halibadilishi matibabu yake. Aliyeambukizwa jana na aliyeambukizwa miaka kumi iliyopita hupewa dawa zile zile, siku ile ile. Lakini likifika nyumbani, linaweza kuvunja boma. Mume atasema: "Ni la karibuni, basi ni wewe uliyeleta." Na kipimo chenyewe huenda kimekosea. Kwa hivyo yeyote asiwadanganye kwamba kuna kipimo cha kuamua nani alimletea nani. Hakipo.

Njia ya nne ni watoto. Mtoto mchanga ndiye mtu ambaye tunajua bila shaka maambukizi yake ni ya karibuni. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hutolewa matone ya damu akiwa na wiki sita, yakaushwe kwenye karatasi na kupelekwa maabara. Hupimwa tena akiwa na miezi 6, miezi 12, na miezi 18. Kila mtoto anayepatikana na virusi ni alama kwamba kuna mahali mlolongo umekatika. Mama alichelewa kuja kliniki? Dawa zilikosekana? Aliambukizwa akiwa ananyonyesha, baada ya kupimwa mara ya kwanza na kuambiwa yuko salama? Hilo la mwisho hutokea, na ndiyo sababu tunawapima akina mama tena hata kama jibu la kwanza lilikuwa zuri. Mama asione kwamba anashukiwa.

Njia ya tano ni hesabu ya kitaalamu. Matokeo ya kliniki, ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, ya watu wanaopata dawa na ya vifo huwekwa pamoja kwenye programu ya kompyuta, nayo hukadiria maambukizi mapya ya nchi na ya kila kaunti. Makadirio hayo hutangazwa na baraza la kitaifa, NSDCC, ambalo wengi wenu mlilijua kwa jina la NACC. Kwa makadirio hayo, maambukizi mapya nchini yalikuwa 16,752 mwaka 2023, yakapanda hadi 19,991 mwaka 2024. Msiyalinganishe na zile 36,000 za KENPHIA kana kwamba zimepimwa kwa mizani moja. Zile zilitoka kwenye damu ya watu waliotembelewa nyumbani, hizi ni makadirio. Lakini ongezeko la karibu moja kwa tano katika mwaka mmoja linatosha kutuamsha usingizini.

Safari ya rejista yako

Sasa tuje kwa jina. Umeingia kituoni, umepimwa, na tuseme umepatikana na virusi. Kwanza utapimwa tena kwa kipimo kingine kuhakikisha. Hatutoi jibu la maisha kwa kipimo kimoja. Kisha utafunguliwa faili na kupewa nambari ya kliniki. Jina lako limo ndani ya faili hiyo, na faili hukaa hapo kituoni, kwa sababu muuguzi anahitaji kukujua akuhudumie.

Mwezi ukiisha, mhudumu hufungua rejista na kuhesabu. Wanaume wangapi walipimwa, wanawake wangapi, wa umri gani, wangapi walipatikana na virusi, wangapi walianza dawa. Hesabu hizo huandikwa kwenye fomu ya Wizara ya Afya nambari 731. Fomu hiyo haina mahali pa kuandika jina, wala kijiji, wala nambari ya simu. Ina visanduku vya tarakimu. Ndiyo inayopelekwa ofisi ya kaunti ndogo, ikaingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya kwenye mtandao, na kutoka hapo Wote na Nairobi huiona kwa wakati mmoja. Kenya iliuanza mfumo huu nchi nzima mwaka 2011.

Damu yako ikipelekwa maabara kupimwa wingi wa virusi, huenda na nambari ya kliniki. Na pale ambapo kituo kinatumia kompyuta badala ya vitabu, taarifa za kila mgonjwa zinazopelekwa kwenye hifadhi ya kitaifa huondolewa majina kwanza. Kwa nini zipelekwe? Ili tuweze kuona safari nzima ya mtu bila kumjua ni nani: alipogunduliwa, alipoanza dawa, kama virusi vilipungua, kama aliacha dawa. Mtu anayemeza dawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Kwa hivyo aliyeacha dawa tunataka kujua mapema, kwa faida yake na ya wengine.

Kwa ufupi, jina hubaki kituoni, nambari ndiyo husafiri.

Majina yalipotakiwa

Kuna mzee hapa atasema, "Mbona basi wakati fulani serikali ilitaka majina?" Ni kweli. Februari 2015, ilitolewa amri ya rais kwamba makamishna wa kaunti, wakishirikiana na wakurugenzi wa elimu na wa afya, wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia iliyotajwa ilikuwa kupanga huduma. Lakini fomu zilizotumika ziliweka jina la mtu kando ya hali yake ya afya.

Shirika la KELIN na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Desemba 2016, mahakama iliamua kwamba amri hiyo ilivunja katiba: haki ya faragha katika kifungu cha 31, na maslahi ya mtoto katika kifungu cha 53. Iliagiza kwamba majina yaliyokwisha kukusanywa yawekewe alama za siri ndani ya siku 45, yasiweze kuunganishwa na hali ya mtu.

Nawaambia haya kwa sababu mbili. Kwanza, mjue kwamba hofu yenu haikutoka hewani. Pili, mjue kwamba swali hilo limekwisha kuamuliwa. Sisi tunaofanya kazi ya kuhesabu hatuhitaji jina la mtoto wa darasa la nne ili kujua ni dawa ngapi za watoto zinunuliwe. Tunahitaji kujua wako wangapi, wa umri gani, na wa kituo gani.

Kabla ya hukumu hiyo ilikuwepo sheria, na bado ipo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili aajiriwe, aoe au aolewe, asajiliwe shuleni au atibiwe. Inakataza kutoa jibu la mtu bila idhini yake, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo inahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa habari nyeti za mtu. Nao wahudumu wanajua kwamba hospitali si mahali pa kuchukua habari za kupeleka sokoni.

Kwa nini hatutangazi hesabu za vijiji

Wawakilishi wa wadi huniuliza mara kwa mara: "Tupe hesabu ya kijiji kwa kijiji, tujue pa kupeleka nguvu." Ni ombi la haki, na bado jibu langu ni hapana. Nitaeleza.

Tuseme nachapisha kwamba katika zahanati fulani ndogo, mwezi wa Julai, mwanamke mmoja wa miaka 20 hadi 24 alipatikana na virusi. Sikutaja jina. Lakini katika kijiji chenye wasichana sita wa umri huo, na mmoja alionekana akiingia zahanati mara mbili wiki ile, je, nimeficha nini? Nimemtaja. Nambari ikiwa ndogo sana, hugeuka kuwa jina. Kwa hivyo tunakusanya hesabu za vituo vingi pamoja, na miezi mingi pamoja, kabla ya kuzitoa kwa umma. Ndani ya idara, wanaopanga huduma huziona kwa undani zaidi, nao wamefungwa na kiapo na sheria.

Kuna sababu ya pili. Kijiji kikiitwa kijiji cha Ukimwi, wasichana wake hawataolewa kwa amani, wachuuzi wake hawatauza, na watu wake watakwenda kupimwa kaunti nyingine au wasipimwe kabisa. Nasi tutabaki na nambari safi kwenye karatasi na ugonjwa ukitembea.

Hesabu hizi zinafanya kazi gani

Virusi hufuata njia ambazo watu hufuata. Katika kaunti yetu, barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa inapita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na madereva wa malori hulala humo. Huko mpakani na Kitui, ujenzi wa Bwawa la Thwake umeleta wafanyakazi walioacha familia zao mbali. Na hapa milimani, vijana wetu huenda Nairobi na Machakos kutafuta kazi, wakarudi Krismasi na Pasaka. Watu hawa si wabaya. Ni watu walio mbali na nyumbani. Hesabu zikionyesha kwamba wanaopatikana na virusi katika eneo fulani ni wanaume wanaofanya kazi hadi jioni, basi kliniki inayofungwa saa kumi na moja haiwafai, na inabidi tupange saa nyingine. Zikionyesha kwamba ni wasichana wa miaka 15 hadi 19, basi semina ya wazee haitasaidia. Tuongee na shule, wazazi na wale wanaume wakubwa wanaowafuata.

Pia kuna dawa za kuzuia. Tangu 2017, Kenya inatoa PrEP, dawa anayomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe. Mwaka huo huo vilianza kutolewa vipimo vya kujipima mwenyewe. Na kuna PEP, dawa ya dharura kwa mtu aliyebakwa, aliyechomwa na sindano, au ambaye kondomu imepasuka. Hiyo ianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Hizi zote hununuliwa kwa kufuata hesabu. Hesabu zikiwa mbovu, zitajaa mahali zisipohitajika na kukosekana hapa.

Na sasa tuna mtihani mpya. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya kazi ya Ukimwi nchini, pamoja na makarani wa kuingiza taarifa na mitambo ya kuzihifadhi, ililipwa kwa msaada wa Marekani. Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kote nchini wafanyakazi walirudishwa nyumbani. Misaada mingine ilirejea, mingine haikurejea. Somo ni wazi: hesabu ya watu wetu haifai kutegemea pochi ya mtu mwingine. Mkikaa katika mikutano ya bajeti ya kaunti, mkiona fungu la rekodi za afya, msilione kuwa ni karatasi tu. Bila karani wa rekodi, muuguzi ndiye atakayejaza fomu, huku foleni ikingoja nje.

Mnaloweza kufanya

Pimeni. Mjamzito aende kliniki mapema, asingoje tumbo liwe kubwa, na aandamane na mumewe kama mume yu tayari. Baba, jibu la mke wako si jibu lako; wewe nawe pimwa.

Mkiwa kituoni, ulizeni bila woga: faili yangu inakaa wapi, nani anaifungua? Mhudumu anayejua kazi yake hatakasirika. Ukiombwa uwataje wenzi wako ili nao wapimwe, jua kwamba ni kwa hiari yako, na mwenzi atakayefuatwa hataambiwa ni nani aliyemtaja.

Siri yako ikitolewa, usinyamaze. Anza na msimamizi wa kituo au ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Usiposikizwa, liko jopo maalum la kusikiza kesi za HIV na Ukimwi lililoundwa kwa sheria ya 2006, na iko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, ninyi mliopewa mikoba na simu tangu 2023, mnaingia nyumba ambazo mimi sitaingia kamwe. Mtu akikwambia hali yake, umebeba kitu kizito kuliko mkoba huo. Usikishushe njiani.

Na sisi wengine, tukimwona jirani akiingia chumba fulani cha zahanati, tusihesabu. Kuhesabu kuna watu wake, na huhesabu bila majina. Ukimtangaza mmoja leo, kesho kumi hawatakuja, na wale kumi ndio maambukizi mapya ya mwaka ujao ambayo hakuna rejista itakayoyaonyesha hadi yawe ugonjwa.

Vituo vya Mbooni, Tawa, Kalawa na vingine vya wadi zenu viko wazi. Kupimwa ni bure, na ARV ni bure. Kama una swali ambalo hutaki kuliuliza mbele ya watu, nitakuwa pale chini ya mti hadi wa mwisho aondoke.